Faili halifunguki na hujui ni la programu gani? Anza na dalili hizi

Kipindi cha kukusanya risachi hapa Dodoma alikuja binti mmoja wa chuo, macho mekundu kabisa, na flashi yenye faili moja tu linaitwa DOC-20240518-WA0007, halina alama ya Word wala ya PDF, kikaratasi cheupe tu. Alikotoka kuprinti walimwambia hilo limekoraputi, kachape upya. Kurasa 84! Nikamwambia dada kaa kwanza, nani alikutumia na alikutumia kwa njia gani? Akasema rafiki yangu, kwa WhatsApp, alikua ameliandika kwenye Word. Bas nikalinakili, nikaongeza nukta na docx mwishoni mwa jina, likafunguka na picha zake na majedwali yake yote. Faili halikuwa na ugonjwa wowote, lilikua limepoteza mkia tu. Ndo maana naandika haya, naona watu wanafuta kazi za miezi kwa sababu kompyuta imewauliza swali wasilojua kulijibu.

Mkia nnaousema ni zile herufi tatu au nne zinazokuja baada ya nukta ya mwisho kwenye jina, docx, pdf, jpg, mp4 na kadhalika, wengine wanaita ekstensheni. Kompyuta ya Windows inachagua programu kwa kuangalia mkia tu, haiangalii ndani. Kwaiyo mkia ukikosekana au ukidanganya, Windows inapotea na wewe unapotea nayo.

KABLA HUJAGUSA CHOCHOTE

Nakili faili. Kopi iweke kwenye desktopu, majaribio yote fanya kwenye kopi, lile la mwanzo liache lilivyo kwenye flashi au kwenye simu.

Alafu muulize mwenye faili, sio kompyuta: limetoka wapi? Simu, kamera, kompyuta ya ofisi, mashine ya kudarizi, CD ya kwaya? Mara nyingi jibu linapatikana hapohapo kabla hata hujashika mausi.

Alafu washa mikia ionekane, maana Windows inakuja ikiwa imeficha mikia ya mafaili inayoyafahamu. Kwenye Windows 11 fungua folda yoyote, nenda View, kisha Show, weka tiki kwenye File name extensions. Windows 10 ni View tu pale juu, tiki iko hapo. Hii ni dakika moja na kama kompyuta ni yako iache hivyohivyo siku zote, nitaeleza kwanini tukifika kwenye virusi.

Mwisho angalia ukubwa, rait kliki, Properties. Faili la KB 0 halina kitu ndani, hamna programu duniani itakayolifungua, rudi kwa aliyekutumia atume tena. Faili linaloitwa video ya harusi na lina KB 12, hiyo sio video.

DALILI: Kompyuta inauliza ulifungue na programu gani, na jina halina mkia kabisa

Sababu inayoongoza ni hiyo ya yule binti, faili limepita WhatsApp au imeili na mkia ukadondoka njiani, au ukageuzwa kuwa .bin. Inayofuata ni mtu kulibadilisha jina mwenyewe akafuta jina lote mpaka na mkia bila kujua. Ya tatu, limetoka kwenye Mac au Linux, kule faili linaweza kuishi bila mkia na likafunguka vizuri tu.

Jaribio jepesi ni kukisia kutokana na lilikotoka. Mtu kasema ni barua ya Word, ongeza .docx kwenye kopi. Kasema ni risiti au fomu, jaribu .pdf. Kasema picha, .jpg. Windows itakutisha kwamba ukibadili mkia faili linaweza lisitumike, kubali tu, ni kopi. Kubadili mkia hakugusi kilichomo ndani hata kidogo, ukikosea unabadili tena. Ila na kinyume chake ni kweli, na hapa wengi wanajidanganya: ukichukua picha ya jpg ukaiita pdf haijawa PDF, ni jpg iliyovaa kanzu ya mwenzake na ukiituma kwenye mfumo wa maombi ya kazi itakataliwa.

Kukisia kukishindikana unafungua ndani. Rait kliki kwenye kopi, Open with, chagua Notepad. Utaona takataka nyingi, usiogope, unachotaka ni herufi chache za mwanzo kabisa, mstari wa kwanza tu. Programu karibu zote zinapiga muhuri wake pale mwanzo wa faili:

%PDF ni PDF.
PK ni zipu, yani faili linalofunga mafaili mengine ndani yake, na zipu ina watoto wengi, nitarudi.
ÐÏà ni Office ya zamani, yani doc, xls, ppt, au Publisher.
‰PNG ni picha ya png.
ÿØÿ na mara nyingi karibu yake kuna neno JFIF au Exif, ni picha ya jpg.
GIF87a au GIF89a ni gif.
Rar! ni RAR, na 7z ni ya 7-Zip.
ID3 ni mp3.
OggS mara nyingi ni vois noti ya WhatsApp, ile yenye mkia wa opus.
ftyp, haikai mwanzo kabisa, inatanguliwa na alama kidogo, ni mp4 au ndugu zake wa simu. Ukiona ftypheic ni picha ya iPhone.
RIFF ni wav, avi au webp, soma herufi nne zinazofuata mbele kidogo itakuambia yenyewe.
8BPS ni Photoshop.
{\rtf ni rtf, Word inafungua.
SQLite format 3 ni databesi, mara nyingi ya apu ya simu.
MZ ni programu ya Windows. SIMAMA hapo, usilifungue. Kama uliambiwa ni barua na ndani linaanza na MZ umetumiwa kirusi.

Ukimaliza kusoma funga Notepad, ikikuuliza usevu KATAA. Nasisitiza kwa sababu ukisevu faili la picha au la Word kupitia Notepad unaliharibu kweli, tena hapo ndo linakufa moja kwa moja. Na kama faili ni kubwa, GB nzima ya video, usitumie Notepad kompyuta itaganda, daunlodi programu ya bure inaitwa HxD, inafungua faili kubwa bila shida na inakuonyesha herufi pembeni na namba zake.

Sasa hiyo PK. Ni herufi za jina la Phil Katz, yule Mmarekani aliyetengeneza zipu mwaka 1989, na kila faili la zipu limebeba herufi za jina lake mpaka leo. Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba docx, xlsx, pptx, apk, epub, kmz na mafaili ya LibreOffice (ile Office ya bure) yote kwa ndani ni zipu. Kwaiyo ukiona PK hujamaliza kazi. Weka 7-Zip, programu ya bure ya kufungua zipu, rait kliki kwenye kopi, chagua Open archive, angalia folda zilizomo. Kuna folda inaitwa word? Weka mkia wa docx. Kuna xl? Ni xlsx. Kuna ppt? Ni pptx. Kuna AndroidManifest.xml na classes.dex? Hiyo ni apu ya simu, apk. Kuna faili doc.kml? Ni kmz ya Google Earth. Kuna faili dogo linaitwa mimetype, lifungue, ndani limeandikwa lenyewe ni nini. Na ukikuta folda ya Index na picha inaitwa preview.jpg, hilo limetoka kwenye Mac au iPhone, ni Pages, Numbers au Keynote. Hiyo preview itoe uitazame, mtu anaweza kuiona kazi yake hapo na kutulia wakati anamsubiri mwenzake amtumie upya kama PDF.

Hizo za ÐÏà nazo 7-Zip inazifungua vilevile. Ukiona ndani kuna WordDocument ni doc, Workbook ni xls, PowerPoint Document ni ppt. Na ukiona EncryptedPackage, hilo ni faili la Office la kisasa lililofungwa na nywila, ndo maana limeanza na muhuri wa zamani. Mtafute aliyeweka nywila, faili ni zima.

DALILI: Alama ya Word au PDF ipo, mkia upo, lakini linakataa kufunguka

Hii watu wanaisema karibu kila siku, "fundi PDF yangu imekufa".

Kinachoongoza, faili sio PDF, ni ukurasa wa tovuti. Unakuta mtu kaingia kwenye mfumo fulani kudaunlodi barua ya kuitwa kazini au fomu ya kujiunga na chuo, akaunti ikawa imejitoa yenyewe, mfumo ukamtumia ukurasa wa kulogin badala ya barua, kompyuta ikausevu kwa jina la barua.pdf. Fungua na Notepad, utaona <!DOCTYPE html au <html mwanzoni. Na ukubwa unakuambia pia, KB chache tu. Dawa ni kuingia upya na kudaunlodi upya, na fanya hivyo kabla tarehe ya mwisho haijapita, usibaki unahangaika na lile la kwanza maana barua yako haimo ndani yake.

Sababu ya pili, mkia umebadilishwa kwa mkono. Soma muhuri, weka mkia sahihi.

Ya tatu, halikumaliza kunakiliwa. Mtu kachomoa flashi mapema au umeme umekata katikati. Hapa kuna hali moja ya kusikitisha sana, faili lina ukubwa wake kamili, MB 3 tuseme, lakini ukilifungua na Notepad ni nafasi tupu mwanzo mpaka mwisho, na kwenye HxD ni 00 00 00 00 kila mahali. Kompyuta ilitenga nafasi ya faili ila maandishi yenyewe hayakufika. Hapo hamna cha kurenemu wala kukonvati. Rudi kwenye kompyuta lilikotoka, na kama lilikua la Word tafuta kopi nyingine, imeili ulizotuma, WhatsApp za simu, hata kwa msimamizi wako. Ukiwa na simu ya Android ingia Android, media, com.whatsapp, WhatsApp, Media, alafu WhatsApp Documents, na ndani yake kuna folda ya Sent, wengi wanakuta kazi yao iko pale wala hawakujua.

Ya mwisho na ni chache, toleo la programu ni la zamani kuliko faili. Ipo zaidi kwa watu wa ramani, nakuja huko sasa hivi.

DALILI: Mkia upo, unasomeka, ila hujawahi kuuona maishani

Hapa inategemea upo mji gani na watu wanafanya kazi gani, kwaiyo nasema zile zinazoletwa hapa kwetu.

Ramani za majengo. Dodoma inajengwa kila kona, Mtumba, Iyumbu, Nala, na mtu anapewa ramani ya nyumba yake ikiwa na mkia wa dwg anataka kuiona kwenye simu. Hiyo ni AutoCAD, programu ya kuchorea ramani. Fungua na Notepad usome herufi sita za kwanza, zinakuambia mpaka toleo: AC1015 ni la mwaka 2000, AC1018 la 2004, AC1021 la 2007, AC1024 la 2010, AC1027 la 2013, AC1032 la 2018. Fundi mwenye AutoCAD ya 2010 akipewa AC1032 itamgomea na atasema faili ni bovu, wakati tatizo ni umri wa programu. Dawa ya haraka mwombe aliyechora aisevu kwa toleo la chini, au uitumie DWG TrueView, ni ya bure na inatoka Autodesk wenyewe. Kama wewe ni mwenye nyumba tu omba PDF, ni haki yako, umelipia ramani. Mkia wa pln mara nyingi ni ArchiCAD.

Mafaili ya viwanja na mipaka. Hili linaniuma kwa sababu nimeona vijana wa mipango na upimaji wakipoteza siku nzima. Mtu anatumiwa faili moja tu kwa WhatsApp, viwanja.shp, analifungua kwenye QGIS, programu ya bure ya ramani, linakataa. Shapefile, yani hilo la shp, sio faili moja jamani, ni familia. Lile la shp linabeba michoro, shx ni faharasa yake, dbf ndo lenye majedwali, majina ya vitalu na namba za viwanja, na prj linaeleza vipimo vya mahali ili ramani isiangukie baharini. Ukipewa shp peke yake umepewa mwili bila jina. Mwambie aliyetuma ayaweke yote kwenye zipu moja ndo atume, yawe na jina moja na folda moja. Dbf peke yake ukitaka kuchungulia hata Excel inalifungua ila usisevu humo, utavuruga mpangilio.

Data za risachi. sav ni SPSS, programu ya takwimu, na muhuri wake mwanzoni ni $FL2. Spv ni matokeo ya SPSS, yale majedwali, na hilo Excel hailifungui kwaiyo kabla hujaondoka kwenye kompyuta yenye SPSS eksipoti kwenda Word au PDF. Dta ni Stata, nayo ya takwimu, matoleo ya 13 kuja juu yanaanza na <stata_dta>. Huna SPSS? Kuna PSPP ya bure inafungua sav. Ila angalia, sav hiyohiyo inatumika na magemu mengi kuhifadhi ulipofikia, kwaiyo kama kompyuta ni ya mdogo wako anayecheza gemu usikimbilie SPSS, soma muhuri kwanza. Mkia mmoja unaweza kuwa na wenyewe wawili watatu, ndo maana mimi nauamini muhuri kuliko mkia.

Kadi za harusi na vipeperushi. pub ni Publisher, cdr ni CorelDRAW, psd ni Photoshop, ai ni Illustrator. Hiyo ai ukiisoma ndani mara nyingi inaanza na %PDF, kwaiyo ukibadili kopi kuwa pdf unaweza kuiona na hata kuiprinti bila Illustrator. Kwa wenye steshenari nzima ya pub: Microsoft wametangaza Publisher inafika mwisho wake Oktoba 2026, mafaili ya wateja yasevuni kama PDF sasa wakati bado yanafunguka. LibreOffice Draw nayo inafungua pub, inaweza kuhamisha maandishi kidogo ila kilichomo unakipata.

Mafundi cherehani wenye mashine za kudarizi za kompyuta, dst ni nembo ya kudarizi, ndani inaanza na LA: na jina la nembo. Hiyo usihangaike kuifungua kama picha, ni maelekezo ya sindano, ipeleke kwa mwenye mashine.

CD za zamani za kwaya na kaswida. Unafungua CD unakuta AVSEQ01.DAT. Ni video ya VCD, weka VLC inacheza vizuri. Ila ukikuta mafaili ya cda ya KB 1 kwenye CD ya muziki, usiyanakili, hayo ni vielekezi tu wimbo haumo ndani. Tumia programu ya kutoa nyimbo kwenye CD, hata Windows Media Player inafanya.

Picha za iPhone, heic, zilianza na iOS 11 mwaka 2017. Windows nyingi hazizifungui bila nyongeza. Njia nyepesi ni mwenye simu aingie Settings, Camera, Formats, achague Most Compatible, picha zinazofuata zitakua jpg. Zile za nyuma azitume WhatsApp kama picha ya kawaida, zitafika zikiwa jpg japo ubora utashuka.

DALILI: Vijifaili vidogo vya ajabu, au faili lina jina zuri ila linaishia na kitu kama crdownload

crdownload ni Chrome, part ni Firefox, opdownload ni Opera. Zote maana yake moja, daunlodi haijaisha, bando limekata au mtandao umeyumba. Usibadili mkia, fungua kivinjari kwenye orodha ya daunlodi uone kama inakubali kuendelea, ikikataa anza upya.

Faili linaloanza na ~$ ni kivuli, Word au Excel inakitengeneza wakati faili limefunguliwa. La Word huwa ni baiti 162 tu. Mtu anatuma hilo kwa bosi badala ya ripoti, nimeona mara nyingi. Tafuta lenye jina hilohilo bila ~$.

winmail.dat ni imeili iliyotoka Outlook ikafika mahali pasipoielewa, viambatisho vimefungwa humo ndani, mwombe mtumaji atume kwa mfumo wa HTML au maandishi ya kawaida. Thumbs.db na .DS_Store na zile zinazoanza na ._ ni za mfumo, sio zako, achana nazo.

msgstore.db.crypt14 au crypt15 ni bakapu ya WhatsApp iliyofungwa. Anayekuambia akutumie hela akufungulie bila simu yenye namba hiyo, usimpe.

DALILI: Mafaili ya aina moja ghafla yote yanafunguka na programu isiyo yake

Hapa mafaili ni mazima. Mtu alibofya Always kwa programu ambayo sio. Rait kliki kwenye faili, Open with, Choose another app, chagua sahihi, kisha Always. Imeisha.

DALILI: Kwenye flashi kila kitu kimekua shotikati, au faili lina mikia miwili

Flashi zinazozunguka kwenye kuprinti zinaambukizana sana. Folda zako zimefichwa, na hivyo unavyoviona ni viungo vinavyomwita kirusi. USIBOFYE hata kimoja kujaribu. Angalia Properties ya flashi, kama inasema imetumika GB 6 na unachoona ni shotikati nne, kazi zako zimo.

Kwanza skani flashi na antivairasi, Windows Defender inatosha kuanzia kama imesasishwa. Baada ya hapo fungua Command Prompt, na kama flashi ni herufi E andika

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

subiri imalize, folda zitarudi kuonekana. Hakikisha herufi ni ya flashi kweli, usiipige kwenye C.

Na ile mikia miwili ndo sababu niliyosema mikia iachwe ikionekana siku zote. Matokeo.pdf.exe ukificha mikia unaona Matokeo.pdf tu, na wametengeneza mpaka alama ya PDF. Kwenye simu ni hivyohivyo, mtu akikutumia kadi ya mwaliko na inaishia na apk hiyo sio kadi ni apu, futa. Kadi ni jpg, pdf au mp4.

DALILI: Mafaili yote, kila folda, yameongezewa mkia mmoja usioujua

Mfano barua.docx imekua barua.docx.kitufulani, na picha hivyohivyo, na kuna faili la maandishi linaitwa _readme.txt au linalofanana linalodai hela. SIMAMA. Hii sio kazi ya kutafuta programu ya kufungulia, hayo mafaili yamefungwa na wahalifu. Mara nyingi limeingia na kraki, programu ya kulipia iliyodaunlodiwa bure.

Chomoa intaneti, chomoa flashi na diski zote za nje hapohapo. Usibadili mikia, usifute hayo mafaili, usiformati, na usilipe. Piga picha ujumbe wao na tunza lile faili la maandishi. Kwa kutumia kompyuta nyingine safi ingia No More Ransom, ni mradi ulioanzishwa 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za ulinzi wa kompyuta, unapandisha mfano wa faili moja wanakuambia kama kuna ufunguo wa bure. Baadhi ya aina zipo na ufunguo, baadhi hazina, ndo maana unatunza mafaili hata kama leo haiwezekani. Kama ni kompyuta ya ofisi, zahanati au shule, mwite mtu wa TEHAMA wa taasisi palepale, na taarifa zinaweza kupelekwa TZ-CERT, ile timu ya usalama wa mitandao iliyo chini ya TCRA.

UKISHINDWA KUTAMBUA MUHURI

Kuna programu ya bure inaitwa TrID ya Marco Pontello, inalinganisha faili na aina maelfu na kukupa asilimia za kukisia. Kwenye Linux au Mac fungua terminali andika file, acha nafasi, alafu jina la faili, inakujibu mara moja. Watunza nyaraka wanatumia DROID, imetengenezwa na hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Uingereza, nzuri ukiwa na folda lenye mafaili mia.

Zile tovuti za kupandisha faili ili wakuambie ni nini, tahadhari. CV ya mtu ina namba ya NIDA, simu na majina ya wazazi, na faili la mgonjwa usiseme. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, mwenye steshenari nawe inakugusa, faili la mteja sio lako kulisambaza. Na ukitafuta jina la mkia Google ukakuta tangazo la programu inayofungua kila faili duniani, usiiweke. Nyingi ni mtego wa kukujazia vitu kwenye kompyuta.

WAKATI WA KUACHA KABISA

Ukichomeka flashi au memori kadi na Windows ikasema uiformati ndo itumike, bonyeza Cancel. Usijaribu kwenye kompyuta ya pili, ya tatu, ya jirani. Kama ni hadi diski na inatoa sauti ya kugonga ndani, zima umeme saa hiyohiyo, kila dakika inayozunguka inaendelea kujikwaruza. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye vifaa vya kurudisha data, sio ya antivairasi wala ya kijana wa kuprinti, na ukimpelekea mwambie ukweli wote uliyojaribu kabla. Vilevile kama faili ni ushahidi wa kesi, usilifungue wala usilibadili jina, peleka kifaa kilivyo kwa wanaoshughulikia kesi. Na kama ni kopi pekee iliyopo duniani, picha za marehemu mzazi, hati ya kiwanja iliyoskaniwa, usiniletee mimi wala fundi yeyote akijaribishe hapo mezani kabla ya kutoa kopi. Mwambie atoe kopi ukiwa umesimama unaona.